Kuosha Baiskeli Iliyogandwa na Matope: Mwongozo Kamili, Kuanzia Cheni Hadi Tone la Oili

Ifakara wakati wa masika huna haja ya kumuuliza mtu kama anatoka shamba. Itazame baiskeli yake. Udongo mweusi wa mashamba ya mpunga hauchuruziki kama matope ya barabarani. Unashika, unajaa kati ya tairi na madigadi, na kadiri gurudumu linavyozunguka ndivyo unavyozidi kushindiliwa, mpaka mwenye baiskeli anashuka na kuikokota Phoenix yake pamoja na gunia lililo kwenye keria. Akifika nyumbani anaiegemeza ukutani. Anaoga, anakula, analala. Baiskeli itaoshwa siku nafasi ikipatikana, na ikipatikana itamwagiwa ndoo mbili, itapigwa brashi, itaachwa juani. Itang'aa kwelikweli. Wiki mbili baadaye iko kwa fundi.

Matope yenyewe si adui mkubwa. Kinachoimaliza baiskeli ni maji yaliyoingia mahali pasipotakiwa maji, na mchanga ulioachwa ukae ndani ya oili. Hatua zote nitakazozieleza zinatokana na hayo mawili.

Ijue baiskeli inaogopa maji wapi

Kuna sehemu zenye gololi ndani: habu, yaani katikati ya kila gurudumu, ekseli ya pedeli pale chini, shingo ya usukani, na pedeli zenyewe. Ongeza friwili, ile inayolia tikitikitiki ukiacha kupiga pedeli. Nayo ina gololi ndogo ndogo ndani yake.

Gololi hizo zinakaa kwenye grisi. Phoenix na baiskeli nyingine za aina ile hazina mpira wa maana wa kuzuia maji. Kuna kikombe cha chuma na kifuniko chembamba, basi. Mvua ya kawaida haipiti kirahisi kwa sababu grisi inaizuia mlangoni. Maji yenye presha yanaisukuma hiyo grisi na kuingia.

Nililijua hili kwa gharama yangu. Siku moja nilirudi nimechoka, nikaipeleka baiskeli kwa vijana wanaoosha pikipiki kwa mashine. Dakika tano tu, matope yote chini. Kijana aliilenga ile bunduki ya maji katikati ya gurudumu la nyuma, na mimi nimesimama pale nafurahia. Siku ya kumi hivi, gurudumu likaanza kulia kama kifaranga. Fundi alipofungua habu, kilichotoka kwanza kilikuwa kitu cha rangi ya chai ya maziwa, ndiyo grisi iliyokorogwa na maji. Akazimwaga gololi kwenye kifuniko cha kopo, akaokota moja, akaizungusha kati ya vidole vyake, kisha akanipa. Upande mmoja ilikuwa laini, upande wa pili ina vishimo na kutu. Hakunisema. Alinitajia bei tu.

Kwa hiyo mashine ya presha hapana. Ikibidi kabisa, mwoshaji asimame mbali, hatua tatu au nne, na maji yapige fremu na matairi peke yake.

Vya kuandaa

Maji lita 20 yanatosha, ukiyagawa kwenye ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia. Sehemu zenye shida ya maji nimeosha kwa lita 10 na baiskeli ikatakata. Siri ni kulowesha matope mapema, si kumwaga maji mengi.

Sabuni bora ni ile ya maji ya kuoshea vyombo. Ya unga nayo inafanya kazi, ila ni kali zaidi kwa rangi na kwa mikono, kwa hiyo weka kidogo na usuuze vizuri. Kipande cha mche kikikunwa ndani ya maji ya uvuguvugu hakina neno.

Tafuta pia mafuta ya taa kama robo lita, kopo la kuyatilia, mswaki uliochakaa, brashi laini ya kupakia rangi, dodoki, na kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa. Matambara yawe matatu, nayo yasibadilishane kazi: la cheni, la fremu, la kukaushia. Fulana kuukuu za pamba zinafaa sana. Tambara la cheni likigusa fremu mara moja, umeshaipaka fremu mchanga wenye oili, na hapo unasugua rangi kwa msasa.

Petroli usiitumie. Inawaka haraka mno, na mvuke wake unasafiri mpaka kwenye jiko usilolikumbuka. Mafuta ya taa nayo yanawaka, kwa hiyo kaa mbali na moto na sigara. Stilwaya na brashi ya waya viache ndani, na bisibisi usiikwangulie matope.

Hatua ya 1: Matope kabla ya maji

Kama matope bado mabichi, una bahati. Mimina maji taratibu na mengi yataondoka yenyewe. Yakishakauka, usiyakwangue. Ndani ya udongo mkavu mna chembe za mchanga, na kila ukikwangua unachora mstari kwenye rangi. Bonge kubwa ligonge kwa kijiti lidondoke. Yaliyobaki yafunike kwa gunia au tambara lililoloweshwa chepechepe, uende ukanywe chai. Dakika 15 zinatosha kuufanya udongo mweusi uwe kama uji.

Kati ya tairi na madigadi ndiko kazi iliko. Ingiza kijiti cha mwanzi kutoka upande wa chini, kokota udongo nje huku ukilizungusha gurudumu pole pole. Angalia usiukunje waya wa taa kama baiskeli ina dainamo. Kwenye baiskeli nyingi unapita humo humo chini ya madigadi.

Hatua ya 2: Cheni, na hapa usiwe na haraka

Watu wengi huiacha cheni iwe ya mwisho. Mimi naianza, tena baiskeli ikiwa bado chafu, kwa sababu uchafu wa cheni unarukia rimu, tairi na fremu. Ukiosha fremu kwanza utaiosha mara mbili.

Pindua baiskeli, usukani na kiti viegemee juu ya gunia ili visichubuke. Kama pana mwembe karibu na kamba mbili, ining'inize kwenye tawi. Mgongo wako utashukuru. Baiskeli yenye breki za mafuta usiipindue muda mrefu, hewa inaweza kuingia kwenye njia ya mafuta. Kava la cheni kama limefunika yote, legeza skrubu zake ulitoe.

Sasa chukua tambara la cheni, ikamate cheni kwa mkono mmoja, zungusha pedeli kinyumenyume kwa mkono mwingine. Tope jeusi la juu litatoka. Kisha chovya mswaki kwenye kopo la mafuta ya taa, ukung'ute, usugue cheni pande zote nne: juu, chini, kushoto, kulia. Mswaki uwe na unyevu tu, usiwe unatiririka. Mafuta ya taa yakichuruzikia ndani ya friwili yanaosha grisi ya zile gololi ndogo, na friwili isiyo na grisi kuna siku itazunguka bure ukiwa katikati ya mlima.

Rudia mpaka tambara safi likipita juu ya cheni litoke na kijivu badala ya weusi. Meno ya friwili na ya sproketi ya mbele yasafishe kwa kona ya tambara iliyopitishwa kati ya jino na jino, kama mtu anayepitisha uzi kwenye meno yake.

Cheni za baiskeli zisizo na giya zina kiungo chenye klipu ndogo ya umbo la U. Ukitaka usafi wa uhakika, ng'oa klipu hiyo kwa koleo, utoe cheni, uitie kwenye chupa ya plastiki yenye mdomo mpana pamoja na mafuta ya taa, ufunge, utikise. Iache nusu saa, utikise tena. Wakati wa kurudisha, upande uliofungwa wa klipu ndio uelekee kule cheni inakokwenda, na upande wenye uwazi ubaki nyuma. Ukigeuza, klipu inaweza kuchomoka siku ikigongwa na kitu, na hutaiona tena.

Yale mafuta ya taa machafu usiyamwage mtaroni wala kwenye bustani ya mchicha. Yaache kwenye chupa usiku kucha. Uchafu unazama, ya juu yanakuwa meupe tena, unayamimina polepole kwenye chupa nyingine na kuyatumia safari ijayo.

Kabla hujaendelea, ipime cheni sasa ikiwa safi. Chukua futi ya chuma ya seremala yenye inchi. Pini ya cheni hadi pini ya pili ni nusu inchi, kwa hiyo kutoka pini ya kwanza hadi ya 25 ni inchi 12 kamili, karibu sentimita 30.5. Ukikuta imepita kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, nunua cheni mpya. Ikipita kwa sehemu moja ya nane, umechelewa. Meno ya friwili nayo yameshaliwa, na cheni mpya juu ya meno yaliyoliwa itaruka. Cheni ni rahisi kuliko friwili, na friwili ni rahisi kuliko sproketi ya mbele. Huko kwenye tofauti ya bei ndiko faida ya kuosha iliko.

Hatua ya 3: Sabuni, kutoka juu kwenda chini

Simamisha baiskeli. Maji ya sabuni yaanze kwenye usukani na kiti, yashuke kwenye fremu, kisha foku, keria, stendi, na matairi mwisho. Tumia brashi laini au dodoki lililolowa vizuri. Suuza tambara mara kwa mara. Ukisikia linakwaruza, lina mchanga, pumzika ulisuuze.

Chini ya ekseli ya pedeli, nyuma ya foku na pale stendi inapofungwa ndipo matope yanapojificha. Piga magoti utazame. Mtu aliyesimama wima hajawahi kuosha baiskeli.

Kwenye habu, shingo ya usukani na ekseli, usimwage maji. Pangusa kwa tambara chepechepe ukizunguka. Kiti cha ngozi kipate tambara lenye unyevu tu, kisha kikauke kivulini. Ngozi iliyolowa chapa ikaanikwa juani inakakamaa na kupasuka. Zile springi zilizo chini ya kiti zinahitaji tone la oili baadaye, nazo ndizo zinazosahaulika na kuanza kulia.

Hatua ya 4: Rimu, spoku na breki

Spoku zipitie moja moja kwa tambara, ukizibana kati ya vidole. Ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo inayokuonyesha spoku iliyolegea au iliyokatika kichwani. Zile zilizo upande wa friwili ndizo hukatika zaidi kwa wabeba mizigo.

Rimu iwe safi kabisa, haswa pale raba za breki zinaposhika. Kwenye Phoenix yenye breki za fimbo za chuma, raba zinabana upande wa ndani wa rimu, ule unaotazama spoku, kwa hiyo huko ndiko kwa kusugua. Kwenye breki za waya, ni ubavuni. Kisha zitazame raba zenyewe. Ukiona chembe ya mchanga au kijichuma kimejipachika, kichokoe kwa sindano, la sivyo kitaichimba rimu kila unaposimama.

Na usipake oili kwenye rimu, hata kama inapendeza kuiona inang'aa. Mpwa wangu aliwahi kunifanyia wema huo bila kuniambia. Nilipofika kwenye mteremko na kushika breki, hakuna kilichotokea. Kilichonisimamisha ni ua wa watu.

Rimu na usukani wa kromiamu wenye kutu ya juu juu, kata kipande cha ile karatasi ya aluminiamu ya kufungia chakula, ikunjekunje, ichovye kwenye maji, sugua. Aluminiamu ni laini kuliko kromiamu, hivyo kutu inatoka na kromiamu inabaki bila michubuko. Kutu iliyokwisha kula mpaka ndani haitoki kwa njia hii.

Hatua ya 5: Suuza, kisha kausha kweli

Maji safi kwa kopo, kutoka juu, kwa kumimina. Povu lote liondoke. Sabuni iliyobaki kwenye vifundo inavuta uchafu na kuacha madoa.

Sasa inyanyue baiskeli kama sentimita 10 na uiache idunde chini kwa matairi yake mara tatu nne. Utashangaa maji yanayoruka. Pitisha tambara kavu kila mahali, kwenye cheni pia, kisha panda uzunguke uwanjani dakika mbili ukipiga pedeli na kushika breki. Kama ulimwaga maji mengi karibu na kiti, chomoa nguzo ya kiti na uigeuze baiskeli juu chini. Maji yaliyopitia hapo hushuka mpaka kwenye ekseli ya pedeli na kukaa huko kimya. Kabla ya kuchomoa, weka alama ya urefu kwa kipande cha utepe.

Jua la asubuhi kwa saa moja ni zuri. Jua la saa saba mchana kutwa nzima linachosha mpira wa matairi na rangi.

Hatua ya 6: Oili

Cheni iwe imekauka kabisa. Oili juu ya maji inafungia maji ndani, na kutu inaanzia chini yake.

Ya cherehani ni nyepesi, inafaa kiangazi na barabara za vumbi, ila mvua moja inaiondoa. Kwa masika natumia oili mpya ya injini, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, nayo inabaki siku nyingi. Oili chafu iliyotolewa kwenye pikipiki, ambayo mafundi wengine wanaigawa bure, imejaa masizi na vumbi la chuma. Kuipaka kwenye cheni uliyoisafisha nusu saa ni kurudi pale pale. Mafuta ya kupikia yanaganda na kuwa gundi.

Tafuta ile klipu au weka alama kwenye kiungo kimoja ujue ulipoanzia. Tone moja juu ya kila kizungushio, yaani kile kibomba kidogo kinachozunguka kwenye pini, kwa upande wa ndani wa cheni, huku ukirudisha pedeli nyuma taratibu. Moja kwa moja, viungo vyote, vipo mia na zaidi. Zungusha pedeli kama mara 20 oili iingie, subiri dakika kumi, kisha chukua tambara kavu uifute cheni kwa nguvu. Ndiyo, uifute. Oili inayofanya kazi ni iliyo ndani kati ya pini na kizungushio. Iliyobaki nje kazi yake ni kukamata vumbi.

Matone mengine madogo yaende kwenye viungo vya fimbo za breki, kichwa cha stendi, springi za kiti na kengele. Baadhi ya habu za zamani zina kitundu cha oili chenye kibati cha kusogeza. Matone matatu humo, urudishe kibati.

Baiskeli za giya

Kwenye hizi, hasa za mtumba kutoka Japani, kile kimkono cha nyuma chenye vigurudumu viwili vya plastiki hukusanya tope gumu lililochanganyika na oili. Likwangue kwa kijiti huku ukizungusha pedeli, kisha umalizie kwa mswaki. Usikisukume wala kukiegemea. Kikipinda kidogo tu giya zote zinapoteza nafasi. Breki za disiki zipanguswe kwa spiriti na kitambaa kipya, na mkono wenye oili usiiguse disiki.

Wanaokaa pwani

Mambo yanabadilika ukiendesha Jambiani au Paje maji yakipwa, kwenye ule mchanga mgumu. Baiskeli inarudi safi machoni, lakini ina chumvi, na chumvi inavuta unyevu kutoka hewani hata usiku, kwa hiyo kutu inaendelea juu ya baiskeli unayoiona kavu. Hapo usingoje mwisho wa wiki. Lita tano za maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, tambara kavu, na oili kwenye cheni. Maji ya bahari yakikaribia kufika kwenye habu, shuka uibebe.

Kwa sisi wa bara, uoshaji kamili kama huu mara moja kwa mwezi kiangazi na kila wiki masika unatosha, ila cheni ipanguswe kila unapotoka topeni. Ukimaliza, nyanyua gurudumu la nyuma, lizungushe, sogeza sikio. Utasikia friwili tu. Ukisikia mkwaruzo wa changarawe, maji yameshaingia habu, mpelekee fundi leo kabla gololi hazijaoza. Kesho yake asubuhi pitisha kidole juu ya cheni: kikitoka na alama nyembamba, panda uende. Kikitoka kinachuruzika, rudi na tambara, la sivyo suruali yako ndiyo itakayoifuta.